Ndege yetu iko Entebbe, njia yetu ni Kisumu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nikirefusha, univumilie, mimi ni mtu wa sokoni, na mtu wa sokoni hajui kusema neno moja akanyamaza.

Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzangu wa Kampala alitusema hapa hapa gazetini, sisi watu wa mashariki mwa Uganda tunaovuka mpaka kwenda kupanda ndege Kenya, ilhali uwanja wa Entebbe upo na shirika letu la ndege, Uganda Airlines, lilifufuka tangu 2019. Alisema tunakimbilia nauli rahisi na hatuna uzalendo. Niliisoma barua ile mara mbili, mara ya pili kwa sauti, binti anayenisaidia dukani akacheka mpaka akakaa chini. Maana mtuhumiwa mwenyewe ni mimi.

Naishi Tororo. Nauza madera, kanga na vitenge, na mara tatu au nne kwa mwaka naenda Kariakoo, Dar es Salaam, kuchagua mzigo kwa mkono wangu. Zamani nilikwenda kwa basi: Tororo, Nairobi, Arusha, Dar, usiku mbili miguu imevimba kama mihogo. Magoti yakagoma. Siku hizi naenda kwa ndege, na mzigo unanifuata nyuma kwa barabara. Ndege hiyo, mara nyingi, siipandii Entebbe. Naipandia Kisumu. Na nauli siyo sababu, kwa kuwa tiketi ya kupitia Kisumu na Nairobi huwa ghali kuliko ile ya moja kwa moja. Nalipa zaidi, nabadili ndege njiani, navuka mpaka na kadi yangu ya chanjo ya homa ya manjano mkononi, na bado naona nimepata nafuu.

Mwaka jana nilijaribu uzalendo. Nilikata tiketi ya moja kwa moja, Entebbe hadi Dar, ndege ya saa tano na nusu asubuhi. Angani ni karibu saa mbili tu. Kutoka Tororo hadi Kampala ni kilomita zaidi ya 200, na kutoka Kampala hadi Entebbe ni nyingine kama 40. Ukiuliza mtu atakwambia saa tano, sita. Mimi nikajipa saa tisa na nusu, nikapanda basi la saa nane usiku.

Daraja jipya la Jinja tulilivuka kukiwa kweusi, nikasema moyoni leo nitafika mapema mpaka nilale kwenye viti vya uwanja. Kuingia Mabira, basi likasimama. Mbele yetu lori la miwa lilikuwa limelala ubavu katikati ya msitu, miwa imetapakaa barabarani, na watu wameshashuka kwenye magari wanaokota. Tulikaa pale mpaka tukaanza kusikia ndege wa msituni, wale wenye manyoya. Tulipofika Namawojjolo jua limeshatoka, vijana wa makoti ya namba wakatuvamia madirishani na vijiti vya kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma. Nilinunua gonja mbili, si kwa njaa, kwa hasira tu.

Kuanzia Mukono ni kutambaa. Karibu na Namanve kondakta, kijana mwenye huruma, akaniuliza naelekea wapi na begi lile. Nikamwambia. Akatazama saa, akatazama barabara. "Mama, shuka hapa upande treni. Hii jamu ya Kireka itakuzika."

Treni! Ile ya abiria ya Namanve hadi Kampala, iliyoanza 2015 baada ya miaka mingi ya nchi nzima kukaa bila treni ya abiria hata moja. Nilikuwa nikiisikia tu. Nikashuka, nikaburuta begi, nikaingia kwenye behewa pamoja na vijana wa viwandani waliotoka zamu ya usiku na akina mama wenye mafungu ya mboga. Nilisimama, maana viti vimejaa, nimeshika bomba. Na mimi, Mhariri, ni mtoto wa reli. Magurudumu yalipoanza kugonga maungio, ta-tan, ta-tan, nilisahau ndege kabisa. Dirishani naiona Barabara ya Jinja, magari yamesimama wima, na sisi tunapita. Namboole. Kireka. Nakawa. Kijana mmoja alinipisha kiti tumebakiza hatua chache kufika, nikakikataa kwa raha zangu.

Saa tatu kasorobo nilikuwa nimesimama stesheni ya Kampala. Kaunta ya ndege inafungwa saa nne na nusu. Kilomita 40 zimebaki, muda ninao. Hapo ndipo reli ikaishia.

Nje ya stesheni ni boda boda, vumbi na makelele. Hakuna basi la uwanja, hakuna hata kibao kinachokuonyesha kwamba mtu anaweza kutoka hapa kwenda kupanda ndege. Mwenye gari la kukodi alitaka shilingi laki moja na ishirini, na tozo ya ile barabara ya kulipia juu yangu. Tozo yenyewe ni shilingi 5,000 tu kwa gari dogo tangu Januari 2022, sina ugomvi nayo; laki moja na ishirini ndiyo iliyonichoma, nikaigeuza madera kichwani nikaona faida ya dazeni nzima inapotea. Nikapanda boda hadi kituo cha taksi. Taksi zetu, ambazo Mkenya anaziita matatu na Mtanzania daladala, haziondoki kwa saa, zinaondoka kwa kujaa. Tulijaa saa tatu na nusu. Na taksi haipiti barabara ya kulipia, itapitaje na abiria wake wamesimama Zana, Lubowa na Kajjansi? Ile barabara nzuri iliyofunguliwa 2018 ni ya wenye magari yao. Sisi wa taksi tulikwenda ile ya zamani, kushusha na kupakia, mpaka Kitooro. Kitooro unashuka tena, unatafuta boda. Boda inakufikisha kizuizini, unashuka tena, unakaguliwa, unaendelea na begi lako kwa miguu.

Binti wa kaunta alikuwa na adabu, siwezi kumlaumu. "Pole sana, Mama. Tumeshafunga." Ndege niliisikia ikiruka nikiwa nje nimekaa juu ya begi, namalizia gonja ya pili, imeshapoa.

Safari iliyofuata nilipitia Kisumu. Hii nitaisimulia kwa ufupi kwa sababu hakuna kilichotokea, na huo ndio uzuri wake. Saa moja asubuhi nilikunywa chai nyumbani kwangu, kwenye kikombe changu. Kabla ya saa mbili na nusu nilikuwa Busia, pasi imegongwa upande wa Uganda na wa Kenya ndani ya jengo moja. Nikapanda matatu ya Kisumu: Ugunja, Luanda, Maseno, unateremka kuelekea ziwani. Uwanja wa Kisumu uko kwenye barabara hiyo hiyo ya kutoka Busia, unaufikia kabla hujaingia mjini. Makanga alipiga bati kwa kiganja: "Mathe wa eapoti, hapa!" Nikashuka, nikaingia. Dakika hamsini hivi angani mpaka Nairobi, nikangoja, nikapanda nyingine, na magharibi ilinikuta Kariakoo nakula wali na maharage ya nazi.

Sasa yule ndugu wa Kampala aniambie: hapo uzalendo ungenifaa nini?

Nadhani kosa letu liko hapa. Tunapozungumzia safari za ndege tunahesabu kuanzia pale gurudumu linapoacha ardhi. Abiria anahesabu kuanzia anapofunga mlango wa nyumba yake. Kwa mtu wa Kampala, wa Ntinda au Muyenga, Entebbe iko karibu, kwa hiyo akitazama nauli peke yake yuko sawa. Kwa mtu wa Tororo, Mbale au Busia, swali la kwanza ni: nitafikaje? Ndege ya asubuhi Entebbe kwetu ina maana ya usiku mzima barabarani au chumba cha kulala Kampala. Hapo hata ungenipa tiketi bure nitafikiri mara mbili.

Nina binti wa dada yangu anayeishi Croydon, kusini mwa London. Shirika letu lilipoanza kuruka Entebbe hadi Gatwick, Mei 2025, alifurahi kuliko sisi. Nikamuuliza mbona wengine wanalia kwamba si Heathrow, ule uwanja mkubwa wa London. Akasema, "Mama mdogo, Gatwick kwangu ni treni moja, robo saa, nashuka ndani ya uwanja." Uwanja ule ulipofunguliwa upya 1958 ulifunguliwa na stesheni yake ubavuni, hawakusubiri kwanza watu walie. Kwa hiyo yeye, mtu wa kawaida anayefanya kazi ya kutunza wazee, anachagua uwanja kwa treni. Alipokuja Krismasi alilala kwenye ndege zaidi ya kilomita 6,000, akaamka Entebbe amependeza. Kutoka hapo kuja Tororo, kilomita 250, alifika usiku, mtoto ametapika mara mbili, na yeye mwenyewe hataki salamu ya mtu.

Nimesema mimi ni mtoto wa reli. Baba aliajiriwa 1948, mwaka ule ule reli ya Kenya na Uganda ilipounganishwa na ya Tanganyika. Alikuwa gadi wa treni za mizigo, na sisi tulikulia katika kwota za reli pale Tororo, ambapo njia inagawanyika: moja inakwenda Kampala, nyingine inapanda Mbale, Soroti, Lira, Gulu hadi Pakwach. Jirani zetu walikuwa Wajaluo, Waluhya, Wateso, Waganda, Wakamba, hata familia moja ya Tabora. Ndiyo maana Kiswahili kwetu ni cha kunyonya. Baraza la mawaziri lilipopitisha 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe shuleni kwa lazima, wazee wa kwota tulitazamana tu.

Baba alipenda kusimulia aliyoyakuta kwa waliomtangulia. Kuna moja ambayo nilipokuwa mdogo niliidhani ni hadithi ya kulalia: kwamba zamani ndege zilikuwa zinatua majini, kama bata, pale Port Bell. Kumbe ni kweli. Miaka ya 1930 ndege kubwa za majini za Imperial Airways zilizotoka Uingereza kwenda kusini mwa Afrika zilitua Port Bell, kisha Kisumu. Na Port Bell ilikuwa na reli ya kwenda Kampala tangu 1915. Kisumu reli ilifika 1901. Yaani, Mhariri, karibu miaka 90 iliyopita, ndege, meli na treni vilikutana kwenye ukingo mmoja wa maji, hapa hapa kwetu, wakati nchi nyingi za Ulaya bado hazijaota habari ya stesheni ndani ya uwanja wa ndege.

Halafu ndege zikahamia nchi kavu Entebbe, na treni ikabaki ilipo. Mei 1952, ndege ya kwanza duniani ya injini za jeti kubeba abiria wa kulipa nauli, ile Comet ya kutoka London kwenda Johannesburg, ilitua Entebbe njiani. Entebbe! Waliweza kutuletea jeti kabla ya nchi tajiri kibao kuiona. Na miaka minne tu baadaye, 1956, reli ilifika Kasese, zaidi ya kilomita 300 magharibi mwa Kampala, kuifuata shaba ya Kilembe. Shaba ikapata treni. Abiria wa Entebbe, kilomita 40, hakupata. Baba alikuwa na jibu lake kwa hilo: "Shaba haijui kutembea." Alikuwa mtu wa mizigo, alielewa.

Hesabu ile ile ndiyo ninayoiogopa sasa. Serikali ilitia saini Oktoba 2024 mkataba wa reli mpya ya kisasa, hii tunayoiita SGR, kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala, itakayotumia umeme. Mjenzi ni Yapı Merkezi ya Uturuki, hao hao waliojenga Dar hadi Morogoro na kuendelea. Ile ya Dar nimeipanda 2024, wiki chache baada ya kuanza kwenda Dodoma, nilikuwa nafuatilia deni la mteja. Sitaki kuisifia sana, niseme tu kwamba chai yangu haikumwagika. Kwa hiyo najua wanaweza kazi.

Lakini wapimaji walipopita upande wetu nilimsogelea kijana mmoja mwenye kofia ya plastiki, nikamletea maji ya kunywa, nikamuuliza, "Mwanangu, hii itafika eapoti?" Akacheka kwa heshima. "Mama, hii kwanza ni ya kontena. Mambo ya eapoti ni ya baadaye." Nikamwambia baba yangu angekupenda.

Baadaye ya lini? Fikiria itakavyokuwa. Reli itafika Kampala na kusimama. Kenya nao yao ilifika Naivasha 2019, na mpango ni kuifikisha Kisumu na Malaba. Siku zikiungana, mtu wa Tororo atakuwa na treni nzuri inayokwenda pande zote mbili. Upande mmoja atashushwa Kampala atafute boda, taksi na boda nyingine. Upande mwingine atakwenda Nairobi, ambako ndege ni nyingi na zinaenda kila pembe ya dunia. Tutakuwa tumekopa fedha za mabenki kuwapeleka abiria wetu wenyewe Nairobi kwa starehe. Shirika letu litaendelea kuuliza kwa nini viti vya nyuma vitupu.

Wakenya wasicheke. Stesheni yao ya Syokimau iko jirani na uwanja wa Jomo Kenyatta, ndege zinapita juu ya kichwa chako, na bado ukishuka ndege unatafuta gari ukaifuate treni. Watanzania vile vile: ukitua uwanja wa Nyerere, unaingia Barabara ya Nyerere na foleni yake mpaka mjini ndipo uione stesheni ya SGR. Inaonekana sote Afrika Mashariki tulisoma shule moja.

Waliosoma nyingine wapo, tena Afrika hii hii. Johannesburg, treni yao ya Gautrain ilianza Juni 8, 2010, siku tatu kabla ya Kombe la Dunia, na kipande cha kwanza kabisa kufunguliwa kilikuwa cha Sandton hadi uwanja wa OR Tambo. Walianza na uwanja! Sehemu nyingine zikafuata. Abuja nao walifikisha treni uwanjani 2018, lakini ikasimama 2020, ikakaa miaka mpaka ilipoanzishwa tena 2024, na hiyo nayo ni elimu: kujenga siyo kuendesha. Mume wa yule binti yetu wa Croydon ni kijana wa kaskazini mwa Uingereza, na aliponisikia nikilia habari za treni ya uwanja alinichekesha na ya kwao. Karibu na Teesside kuna uwanja mdogo wa ndege wenye stesheni yake tangu 1971. Stesheni ina jina la uwanja, lakini kutoka jukwaani hadi jengo la abiria ni mwendo wa karibu robo saa kwa miguu. Ikafika mahali treni inasimama mara moja au mbili kwa wiki. Watu walikuwa wanaipanda ili wakajisifu wameipanda. Mwaka 2022 zikaacha kabisa kusimama. Kwa hiyo simwombi mtu yeyote jina la stesheni kwenye ramani. Naomba mlango: nishuke hapa, nione kaunta pale, begi liwe linaviringika muda wote.

Na wakati tunasubiri hayo makubwa, kuna dogo ambalo halihitaji Mturuki. Treni ya Namanve ipo. Barabara ya kulipia ipo. Kinachokosekana ni basi moja linalosubiri nje ya stesheni ya Kampala, linaloondoka kwa saa na siyo kwa kujaa, linapita barabara ya kulipia bila kusimama, na linaingia mpaka mlangoni pa uwanja bila kumshusha bibi wa watu kizuizini. Tiketi iwe moja na ya treni. Siku ile ningekuwa nalo, saa nne kamili ningekuwa kwenye foleni ya kaunta, nikiwasema watu wanaojaza mizigo kupita kiasi. Nimewahi pia kufikiria ziwa, mnivumilie uzee: reli ya Port Bell ingalipo, na pale Entebbe kuna gati la Nakiwogo linalopakia meli ya MV Kalangala kwenda visiwani. Boti ya kutoka gati moja hadi jingine ingeiacha jamu yote ya Kampala ikigombana yenyewe. Mume wangu anasema nitazama. Mimi nasema wale wa ndege za majini hawakuwa wajinga.

Kubwa lenyewe ni ardhi. Kila mwezi unaopita, kati ya Kampala na Entebbe kunaota nyumba mpya, ghorofa, hoteli, ukumbi wa harusi. Ile njia ya reli kama haitatengwa leo, wakati viwanja vingine bado ni mihogo na matooke, kesho fidia peke yake itaizidi reli. Anayetaka kujua fidia ni nini aje Tororo nimwonyeshe majirani zangu na mafaili yao.

Nisisahau viwanja vidogo, kwa sababu Uganda si Entebbe peke yake. Kuna mahali ambapo reli na uwanja wa ndege vimekaa mji mmoja miaka yote bila kuamkiana. Soroti reli ilifika 1929 na pale pana shule ya kufundisha marubani tangu 1971. Nimewaona vijana wakizunguka angani na vindege vyao juu ya mji ambao hauna treni ya abiria. Gulu ina njia ndefu ya kurukia ndege, na reli ya kutoka kwetu Tororo kwenda huko, kilomita 375, inakarabatiwa. Inakarabatiwa kwa ajili ya mizigo, bila shaka. Sasa hivi, kabla fundi hajaondoka, ndio wakati wa kumuuliza: mabehewa mawili ya abiria yatakugharimu nini? Kasese nayo ina uwanja na reli, ila hiyo reli imelala majani yamefunika, nisiiongelee sana, baba alikuwa na marafiki kule.

Mwezi ujao naenda tena Kariakoo. Shule zikifungwa madera ya watoto yanatoka sana. Juzi wakala wa tiketi alinipigia simu. "Mama, tuweke Entebbe au Kisumu?" Barua ya yule ndugu ilikuwa bado mezani, nikaona nimpe Entebbe nafasi nyingine. Nikamwambia wakala anisomee kwanza saa ya kuondoka. Akasoma. Asubuhi.

Nimekata ya Kisumu.

Mama Madera,
Tororo